Dawa za Wasiwasi: Mwongozo Kamili Kuanzia Kidonge cha Kwanza Hadi cha Mwisho

Mara ya kwanza yalinikuta kwenye pantoni ya Kigamboni, saa moja asubuhi, watu tumebanana kama kawaida. Moyo ukaanza kwenda mbio, vidole vikafa ganzi, pumzi ikawa inaishia kooni. Nikajua nakufa. Tulipofika ng'ambo nikakaa chini kwenye ukuta, na baada ya dakika ishirini nikawa mzima, nikaenda kazini na shati limelowa jasho. Miezi iliyofuata nilitibiwa taifodi mara tatu, vidonda vya tumbo mara moja, nikapimwa moyo nikaambiwa hauna tatizo. Wa kwanza kutaja neno "wasiwasi" hakuwa daktari. Alikuwa muuza duka la dawa mtaani, akanifungia vidonge vya diazepamu kwenye kibahasha bila kuuliza cheti.

Kidonge kile kilinituliza kabla chai haijapoa. Baadaye ndicho kilichonigharimu.

Mimi si daktari. Namna dawa hizi zinavyofanya kazi, daktari au mfamasia yeyote atakuthibitishia. Kipimo chako wewe ni cha kupangwa naye, si na mimi. Ila jambo moja naliweka mbele kwa sababu hakuna aliyeniambia: dawa inayokutuliza ndani ya nusu saa ndiyo ya kuichunga, na ile inayokufanya ujute wiki mbili za kwanza ndiyo mara nyingi ya kuivumilia. Wengi wetu tunafanya kinyume. Tunaishikilia ya kwanza na kuitupa ya pili.

Hatua ya kwanza: kabla ya kidonge, sema kila kitu

Ukiingia kwa daktari ukasema "sipati usingizi", utatoka na dawa ya usingizi. Eleza tukio zima: linaanzaje, linachukua dakika ngapi, unakwepa nini kwa ajili yake. Mimi nilikuwa nimeacha pantoni, nimeacha daladala iliyojaa, nimeacha hata safu za mbele msikitini. Hayo ndiyo yaliyomfanya daktari aelewe, si mapigo ya moyo.

Omba pia aangalie kama kuna ugonjwa wa mwili unaojificha. Tezi ya thairoidi ikifanya kazi kupita kiasi huleta mikono kutetemeka, jasho na moyo kwenda mbio, na upungufu wa damu nao unaweza kuupeleka moyo mbio. Kipimo cha damu kinatosha kuyatambua.

Kisha yako mambo ambayo hata asipokuuliza, mwambie:

- Pumu. Propranololi, dawa ya moyo ambayo hutolewa pia kwa wasiwasi, inaweza kubana kifua cha mwenye pumu vibaya sana.
- Mimba, kunyonyesha, au mpango wa kupata mtoto.
- Kifafa, ugonjwa wa ini, shida ya moyo, presha ya macho.
- Kama uliwahi kupitia kipindi cha kuchangamka kupita kiasi: siku kadhaa hulali wala huchoki, unaongea bila kituo, unatumia pesa ovyo. Dawa za kundi la fluoksetini, nitakazozieleza kwenye hatua ya pili, zinaweza kukirudisha kipindi hicho kwa nguvu.
- Dawa nyingine zote, zikiwemo za kifua kikuu, ARV, za maumivu na za mitishamba.
- Pombe, bangi, miraa, na idadi ya vikombe vya kahawa. Hapa ndipo watu wanadanganya. Miraa na kahawa peke yake vinaweza kukutengenezea wasiwasi wa kutosha. Dawa unayomeza asubuhi haiwezi kushindana na kifurushi unachotafuna jioni.

Hatua ya pili: jua umepewa ya kundi gani

Watu husema "dawa za wasiwasi" kama vile ni kitu kimoja. Majina nimeyaandika kwa matamshi yetu. Kwenye boksi tahajia ni ya Kizungu, kwa hiyo soma herufi kwa herufi, maana majina ya dawa hufanana na makosa dirishani hutokea.

Kundi la kwanza ni fluoksetini, sertralini, esitalopramu na paroksetini. Hizi zinaitwa dawa za sonona, yaani ugonjwa wa huzuni kali ya muda mrefu, na utakapofungua karatasi ya maelezo utakuta neno hilo juu kabisa. Usishtuke kwamba umepewa dawa ya ugonjwa usio wako. Hizi hizi ndizo hutangulizwa kwa wasiwasi wa muda mrefu na kwa mashambulizi ya hofu kama langu la pantoni. Hazilevyi na hazikupi hamu ya kuongeza. Zinafanya kazi polepole, kati ya wiki mbili na sita, na ni lazima zimezwe kila siku, uwe na wasiwasi au usiwe nao.

Amitriptilini ni ya zamani zaidi na inapatikana hadi hospitali za wilaya. Humezwa usiku kwa sababu inaleta usingizi. Shida zake zinajulikana: mdomo kukauka, choo kigumu, macho kuona ukungu, mkojo kugoma kutoka kwa wanaume wenye tezi dume iliyovimba, uzito kupanda. Na jambo zito: ikizidi kipimo inaharibu mdundo wa moyo. Vidonge vichache tu vinaweza kumuua mtoto mdogo. Kama kuna mtoto nyumbani, pakiti isikae juu ya friji wala kwenye mkoba unaoning'inia mlangoni. Ifungie.

Kundi la tatu ni diazepamu, lorazepamu, alprazolamu, klonazepamu na bromazepamu. Hizi ndizo za haraka, nazo nimezitengea sehemu yake huko mbele.

Propranololi ni dawa ya moyo na presha inayotumika pia kuzuia mikono kutetemeka na moyo kudunda, mfano kabla ya kusimama mbele za watu. Inatuliza mwili, haigusi mawazo. Haidroksizini ni ya mzio, ina usingizi, na baadhi ya madaktari huitoa kwa muda mfupi badala ya diazepamu.

Hatua ya tatu: wiki mbili za kwanza

Nunua daftari dogo kabla ya kidonge cha kwanza. Andika mambo manne kila jioni: usingizi wa jana saa ngapi, wasiwasi wa leo kwa alama kati ya sifuri na kumi, tumbo limekuwaje, na jambo jipya lolote mwilini. Dakika mbili zinatosha. Sababu ni kwamba kumbukumbu ya mtu mwenye wasiwasi haiaminiki. Siku mbaya moja inafuta nne nzuri, na ukifika kliniki unasema "hainisaidii" wakati daftari linasema jingine.

Mimi nilipewa fluoksetini, kapsuli ya miligramu 20, siku ninameza siku naacha kwa wiki ya kwanza, halafu kila siku. Kapsuli haikatwi nusu, na kwa kuwa fluoksetini hukaa mwilini muda mrefu, daktari aliona njia hiyo inafaa. Kwa dawa nyingine huanzwa kwa kidonge kidogo: sertralini mara nyingi miligramu 25, esitalopramu 5. Ukiona umeanzishiwa kipimo kikubwa na una mashambulizi ya hofu, uliza kwa adabu tu: "Daktari, naweza kuanza na kidogo halafu nipande?" Mara nyingi jibu ni ndiyo.

Siku ya pili nilihisi kichefuchefu. Siku ya tatu tumbo likaendesha. Ya nne ndiyo iliyonishinda: mwili mzima ulikuwa kama nimekunywa vikombe sita vya kahawa tungu, miguu haitulii, na wasiwasi ambao dawa ilikuja kuuondoa ukawa mkubwa kuliko kabla. Siku ya sita nikaacha. Nikamwambia mke wangu dawa imenikataa.

Sikujua kwamba hilo ndilo huwakuta wengi na kwamba karibu kila mara linapita. Dawa inaongeza kemikali iitwayo serotonini katikati ya seli za ubongo tangu siku ya kwanza, lakini ubongo unahitaji wiki kadhaa kujipanga upya, na katika kipindi hicho unapata kero kabla hujapata faida. Nilianza tena mwezi mmoja baadaye nikiwa nayajua hayo, na siku ya nne ilikuja vilevile. Tofauti ilikuwa kwamba safari hii niliitarajia. Kwenye daftari niliandika: "Leo ndiyo ile siku." Ya kumi nikalala usiku mzima.

Namna ya kuzipita siku hizo:

Kichefuchefu kinapungua ukimeza baada ya kula chakula halisi, si chai na andazi. Uji mzito, ndizi, wali wa jana, vyote vinafaa. Fluoksetini imeze asubuhi kwa sababu inaweza kufukuza usingizi. Sertralini humfanya mmoja asilale na mwingine asinzie, kwa hiyo muda wake unaweza kuhamishwa. Anayefunga Ramadhani, dawa ya mara moja kwa siku inaingia vizuri kwenye daku au baada ya futari. Hamisha muda siku chache kabla ya mfungo na umjulishe daktari. Wa amitriptilini ajue mdomo utakauka zaidi mchana.

Kahawa punguza nusu kwa wiki hizo mbili, hata kama unaishi mtaa wenye muuza kahawa kila kona. Mdomo mkavu unatulizwa kwa maji ya kunywa kidogo kidogo na bazoka isiyo na sukari. Pipi zitakuozesha meno. Choo kigumu: papai, mboga za majani, maji, na kutembea jioni.

Kutoka jasho jingi, kupiga miayo bila usingizi, ndoto kali kama sinema, kusaga meno usiku, kichwa kuuma. Yote haya niliyaandika daftarini na yote yalipungua, isipokuwa jasho, ambalo Dar es Salaam hata asiyekuwa na dawa analo.

Ukisahau dozi, imeze ukikumbuka siku hiyohiyo. Ukikumbuka kesho yake, iache ipite. Usimeze mbili kufidia.

Sasa lile lisilovumilika. Mwaka 2004 mamlaka ya dawa ya Marekani iliagiza onyo kali liwekwe kwenye dawa hizi kuhusu watoto na vijana, na mwaka 2007 likapanuliwa hadi miaka 24: baadhi yao, hasa wiki za mwanzo au kipimo kinapobadilishwa, hupata mawazo ya kujiua. Hatari hiyo ni ndogo na haina maana kijana asitibiwe. Ina maana asiachwe peke yake. Mtu mmoja nyumbani ajue ameanza dawa, amtazame, na ikibidi yeye ndiye ashike pakiti. Kwa mtu wa umri wowote, mawazo hayo yakija, usingoje miadi. Sema siku hiyohiyo na uende hospitali ukiwa na mtu.

Hatua ya nne: kuanzia wiki ya tatu

Watu hungojea asubuhi ambayo wataamka wapya. Haiji hivyo. Mimi niligundua kwa bahati: nilikuwa kwenye foleni benki, nimesimama karibu nusu saa, ndipo nikakumbuka kwamba sikuutafuta mlango wa kutokea. Nilirudi nyumbani nikaandika. Alama ya wasiwasi ilikuwa imeshuka kutoka nane hadi tano bila mimi kuona.

Kama wiki sita zimepita kwa kipimo sahihi na daftari halijasogea, rudi. Ama kipimo kitapandishwa ama dawa itabadilishwa. Mmoja anashindwa na hii na kupona na ile, na hakuna wa kumbashiria mapema, wala hailingani na nguvu ya imani au ya akili.

Kuna kero inayobaki wakati nyingine zimeondoka, na ndiyo inayowafanya watu waache dawa kimyakimya. Hamu ya tendo la ndoa inapungua, na kufika kileleni kunachelewa au hakufiki kabisa, kwa mwanamume na kwa mwanamke. Nilikaa nayo miezi miwili kwa aibu. Mke wangu alianza kudhani nina mtu nje. Nilipomwambia daktari hakushangaa hata kidogo. Alishusha kipimo taratibu na hali ikawa nafuu. Kwa wengine hubadilishwa dawa. Ukishindwa kulitamka, liandike kwenye karatasi umpe. Na mwenzako mwambie mapema kuliko nilivyomwambia mimi.

Nyingine ni ganzi ya hisia. Nilikwenda msiba wa shangazi aliyenilea na chozi halikutoka. Sikuwa na furaha wala huzuni, nilikuwa kama mtu anayetazama televisheni imezimwa sauti. Hilo nalo ni la kuripoti, mara nyingi kipimo kimezidi mahitaji.

Ni katika kipindi hiki pia ambapo dawa inahitaji kusaidiwa. Tiba ya mazungumzo, ile inayokufundisha kuyakabili mawazo na mahali unapopakwepa, ina ushahidi mzuri sawa na dawa. Muuguzi wa afya ya akili aliyenihudumia alinipangia hivi: wiki ya kwanza nisimame getini kwa pantoni nitazame tu. Ya pili nivuke siku ya Jumapili mapema, watu wachache. Ya tatu nivuke na mtu. Ya nne peke yangu. Ya tano saa moja asubuhi ya Jumatatu. Nisingeweza kuyafanya hayo bila dawa, na sidhani dawa peke yake ingenivusha.

Hatua ya tano: vidonge vya haraka na namna ya kutonaswa

Diazepamu iliingia sokoni mwaka 1963 kwa jina la Valium, kazi ya mkemia Leo Sternbach wa kampuni ya Roche, na kwa miaka mingi ilikuwa miongoni mwa dawa zilizoandikwa zaidi Marekani. Nchi za Magharibi zilichelewa kukubali kwamba watu walikuwa wananaswa. Sisi huku tunazirudia hatua zao, ila bila cheti.

Haina maana kwamba ni dawa mbaya. Degedege lisilokoma linazimwa kwa diazepamu. Daktari anaweza kukupa siku chache wakati fluoksetini bado inajipanga, au vidonge viwili vitatu kwa safari ya ndege. Tatizo ni kuimeza kila siku. Mwili unaizoea, kipimo cha jana hakitoshi leo, na baada ya wiki chache tu unaweza kuwa unameza si kwa ajili ya wasiwasi bali kwa ajili ya kuzuia maumivu ya kuikosa. Ndiyo maana kikomo kinachotajwa mara nyingi ni wiki mbili hadi nne. Mwaka 2020 mamlaka ya dawa ya Marekani iliongeza onyo kali la uraibu kwa kundi lote.

Madhara yake ya kila siku huwa hayaonekani na anayeimeza, yanaonekana na wengine. Mke wangu alikuwa akiniambia jambo asubuhi, mchana nalikana. Niliwahi kuegesha pikipiki mtaa wa pili na kuripoti imeibiwa. Diazepamu hukaa mwilini siku kadhaa, kwa hiyo kidonge cha usiku bado kipo barabarani na wewe asubuhi. Dereva wa bodaboda, fundi wa mashine ya kukata mbao, mpishi wa jiko la mafuta ya moto: mwambie daktari kazi yako. Wazee nao huanguka na kuvunjika nyonga kwa sababu ya dawa hizi.

Nilimeza miligramu 5 mara mbili kwa siku, miezi minne. Halafu nikasoma kwamba zina uraibu, nikaogopa, nikaacha siku moja. Siku tatu zilikuwa salama. Ya tano sikulala kabisa, mikono ikawa inatetemeka, sauti ya sufuria jikoni ilinipiga kama bomu. Daktari aliyenipokea alikasirika kwa sababu kuacha ghafla namna ile kunaweza kuleta degedege, na degedege la namna hiyo linaua. Alinirudishia diazepamu, akaanza kunishusha: robo ya kidonge kila baada ya wiki mbili, na mwishoni tukasimama mwezi mzima kwenye robo ya mwisho. Karibu miezi mitano. Ushauri wa kitaalamu unaojulikana ni kupunguza asilimia 5 hadi 10 ya kipimo kila baada ya wiki mbili hadi nne, na kusubiri ukiona mwili unagoma. Kama unasoma hapa na umekuwa ukizimeza kwa miezi, usiache leo. Nenda ukashushwe.

Neno kwa wasafiri: diazepamu na ndugu zake wamo katika orodha ya mkataba wa kimataifa wa mwaka 1971 wa dawa zinazodhibitiwa. Ndugu zetu wanaokwenda kufanya kazi Ghuba, hasa Falme za Kiarabu, wajue kwamba dawa zinazodhibitiwa zinataka cheti cha daktari na kibali kinachoombwa kabla ya safari. Kidonge kwenye kibahasha kisicho na jina kinaweza kukufikisha kituo cha polisi uwanja wa ndege.

Hatua ya sita: visivyochanganyika

Pombe na kundi la diazepamu vinaweza kuzima pumzi usingizini. Dawa kali za maumivu za jamii ya afyuni, kama mofini, nazo hivyohivyo. Hapa hakuna "kidogo tu".

Tramadoli, ambayo wengi wanaimeza kama pipi kwa ajili ya mgongo, ikikutana na fluoksetini au sertralini inaongeza uwezekano wa degedege na wa serotonini kuzidi mwilini. Dalili za kuzidi huko: kutetemeka na misuli kurukaruka, jasho, joto kupanda, kuharisha, kuchanganyikiwa. Linezolidi, inayotumika kwa kifua kikuu sugu, ina hatari hiyohiyo.

Diklofenaki, ibuprofeni na aspirini pamoja na kundi la fluoksetini vinaongeza uwezekano wa kutoka damu tumboni. Kwa maumivu ya kawaida parasetamoli ni salama zaidi. Choo cheusi kama lami si cha kungoja.

Rifampisini ya kifua kikuu inashusha nguvu ya dawa nyingi, diazepamu ikiwemo. Aisonayazidi inafanya diazepamu ikae zaidi. ARV zenye ritonavia huongeza kiwango cha alprazolamu na baadhi ya wenzake. Balungi pia hupandisha baadhi ya dawa hizi kwenye damu. Dawa ya mseto ya malaria, pamoja na esitalopramu, sitalopramu au amitriptilini, zote zinaweza kugusa umeme wa moyo: malaria itibiwe, lakini anayekutibu ajue unachomeza. Mimi nilipiga picha maboksi yangu nikaweka kwenye simu. Kila dirisha ninaloenda, naonyesha picha.

Wakati wa kukimbilia hospitali

Usipige simu kwa rafiki muuguzi, nenda: degedege, kuzimia, upele pamoja na uvimbe wa midomo au ulimi, joto kali na misuli kukakamaa, kushindwa kukojoa kutwa nzima, mzee aliyeanza dawa karibuni akachanganyikiwa ghafla, maana kundi la fluoksetini linaweza kushusha chumvi ya sodiamu kwenye damu, usiku wa pili mfululizo bila usingizi huku mtu amechangamka na ana mipango mikubwa, mawazo ya kujidhuru, au mtu yeyote aliyemeza vidonge vingi, hata kama anaonekana mzima. Beba pakiti.

Watu wa nyumbani

Mama yangu alipoona kapsuli aliuliza, "Mwanangu, hizi si za vichaa?" Nikamjibu, "Mama, wewe una za presha, mimi nina za hofu. Zote za kila siku." Akakaa kimya, kisha akaniuliza kama zimezwe na chakula. Si kila nyumba itakuwa hivyo. Kuna mjomba aliyesisitiza ni jini, na kisomo nilikubali kwa sababu hakikunidhuru. Nilichokataa ni kuacha kapsuli ili kisomo "kifanye kazi", na kunywa mzizi ambao hakuna aliyeweza kuniambia jina lake.

Usidhani ni lazima ufike hospitali kubwa kama Mirembe Dodoma au Muhimbili. Hospitali nyingi za mikoa zina kliniki ya afya ya akili. Kwa Unguja kuna Kidongo Chekundu, Nairobi kuna Mathari, Kampala kuna Butabika.

Hatua ya mwisho: kuacha

Ukishapona, hesabu huanzia hapo, si siku uliyoanza. Kwa kundi la fluoksetini ushauri wa kawaida ni kuendelea miezi 6 hadi 12 baada ya nafuu. Kuacha mwezi wa tatu kwa sababu "niko sawa sasa" ni sawa na kuvua bendeji kwa sababu damu haionekani.

Chagua wakati mtulivu: si mwezi wa ada za shule, si wiki ya harusi. Kisha punguza kwa ngazi, wiki hadi miezi, kwa mpango wa daktari. Fluoksetini hujipunguza yenyewe kwa kuwa inachukua wiki kadhaa kutoka mwilini. Nilipoisahau Dar nikaenda Tanga siku tano sikuhisi kitu. Binamu yangu wa paroksetini alikosa siku mbili tu, akawa anasikia kama shoti za umeme kichwani kila akigeuza macho, na kizunguzungu. Alidhani wasiwasi umerudi. Tofauti yake ni hii: dalili za kuacha huja ndani ya siku chache, zina mambo mapya ambayo hujawahi kuyaona kama zile shoti, na hupotea haraka ukirudia kipimo. Ugonjwa unaorudi huja polepole, baada ya wiki au miezi, na sura yake unaijua. Endelea na daftari hadi miezi mitatu baada ya kidonge cha mwisho, hapo ndipo utaona lipi ni lipi.

Vilivyobaki virudishe famasia. Usiviweke "vya akiba". Nilipomaliza, jirani alikuja jioni: "Kaka, nasikia nawe ulikuwa na moyo wa mbio. Huna hata viwili vilivyobaki?" Vilikuwepo, diazepamu sita, ndani ya kabati. Nilimwambia vimekwisha, kesho yake nikavirudisha, na Alhamisi nikamsindikiza kliniki. Walimpima thairoidi.